Majaji wanaogombea kwa tiketi ya chama: nipigeje kura Houston?

SWALI: Nimepata uraia wa Marekani na nimejiandikisha kupiga kura Houston. Naambiwa karatasi ina majaji wengi, kila mmoja na chama chake. Kwetu Tanzania majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais. Nitachaguaje watu nisiowajua? Nikiwaruka, kura yangu itaharibika?

JIBU: Haiharibiki. Nafasi uliyoiacha wazi haihesabiwi kwa kiti hicho tu; kura zako nyingine ziko palepale. Ila usiwaruke hivi hivi, maana hao ndio wanaoamua dhamana, talaka na nani alee watoto.

Jimbo la Texas, ambako Houston ipo, huchagua majaji wa mahakama za wilaya kwa muhula wa miaka 4. Usizifananishe na mahakama za wilaya za Tanzania: hizi husikiliza hata kesi za mauaji. Kila mahakama ina namba yake na jaji wake, na katika kaunti ya Harris, yenye sehemu kubwa ya Houston, mpiga kura yeyote huwapigia wagombea wa mahakama zote zilizo kwenye uchaguzi mwaka huo. Ndiyo maana orodha haiishi.

Zamani ulibonyeza chama mara moja, wagombea wake wote wakapata kura. Sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika 2020, iliondoa njia hiyo. Sasa unachagua mmoja mmoja, na wengi huchoka kabla ya kufika mwisho.

Hata hivyo, katika uchaguzi mkuu wa Novemba chama bado ndicho kinachobeba. Mwaka 2018 Harris ilielemea Democrat, na majaji wa Republican waliokuwa wakitetea viti wakang'olewa, hodari na wazembe kwa pamoja. Uchaguzi huohuo uliingiza wanawake weusi 17 kwenye viti vya majaji katika kaunti hiyo. Upepo wa siasa za taifa haubagui nani anaandika hukumu vizuri.

Kwa hiyo, ukitaka kupima mtu badala ya chama, nenda kwenye kura za mchujo za Machi, ambazo kila chama huteulia wagombea wake. Texas haikuandikishi chama: ukifika kituoni unamwambia karani unataka karatasi ya chama kipi. Wagombea wa chama kimoja wakishindana, lebo haikusaidii tena, inabidi uangalie sifa. Asipopatikana aliyezidi nusu ya kura, wawili wa juu hurudiana Mei. Angalizo: uliyepiga mchujo wa Republican huruhusiwi kupiga kura ya marudio ya Democrat, wala kinyume chake.

Kabla ya kwenda, chukua sampuli ya karatasi yako kwenye tovuti ya karani wa kaunti. Soma maoni ya mawakili ambayo chama chao cha Houston huchapisha, lakini kwa tahadhari: nao wana maslahi, na wengi wao ndio wachangiaji wa kampeni za majaji haohao. Michango hiyo iko wazi kwa Tume ya Maadili ya Texas. Tafuta jina la mgombea uone nani kampa nini. Mgombea anayekuahidi atakavyoamua kesi fulani, mkatae: maadili ya majaji yanamkataza.

Andika majina uliyoyachagua kwenye karatasi. Simu hairuhusiwi kutumika ndani ya chumba cha kura, na hapo ndipo wengi hukwama. Mashine ya Harris huchapa chaguo zako. Zisome zote kabla ya kuingiza karatasi kwenye skana. Ukiona kosa, mwombe karani akubadilishie kwanza. Ikishaingia, hairudi.