Unameza vidonge vya damu, lakini unamezea nini?

Dada uliyeuliza kwa nini umemeza vidonge vya kuongeza damu miezi miwili na kipimo hakisogei, hili limenikuta.

Mimba yangu ya pili nilianza kliniki hapa Temeke damu (kipimo cha hemoglobini, gramu kwa desilita) ikiwa 9.2. Mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu. Nikapewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, nikameza kila siku bila kuruka. Baada ya wiki sita: 9.4. Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala.

Siku ile ile muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, unamezea nini?" Chai ya rangi, asubuhi, na chapati. Akaniambia tatizo liko hapo. Chai ina tanini, nayo hukamatana na madini ya chuma huko huko tumboni, utumbo ukashindwa kuyafyonza, mengi yakaishia chooni. Kahawa ni hivyo hivyo, na maziwa nayo yanazuia kwa sababu ya kalsiamu. Hata bila chai, mwili hufyonza sehemu tu ya chuma kilichomo kwenye kidonge, sasa ukikizuia tena unabaki na nini?

Chai sikuiacha. Nilihamisha kidonge kikaenda saa nne asubuhi, yaani muda wa masaa mawili baada ya chai, nikawa nashushia maji ya ndimu au nakula pera, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, na pera linalo nyingi kuliko chungwa. Wiki tano baadaye nikapima 10.7. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni kawaida ya vidonge hivi.

Kwenye chakula, chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kirahisi kuliko cha mchicha na maharage. Kwa hiyo maharage yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha ule na kachumbari iliyokamuliwa ndimu au kipande cha samaki. Na tafadhali, juisi kuwa nyekundu si dalili kwamba ina chuma, wengi tunadanganyika hapo.

Ukibadilisha haya na ndani ya mwezi namba bado imegoma, usiongeze vidonge kwa kujiamulia. Rudi kliniki uombe wakuangalie malaria, minyoo na selimundu, kwa sababu minyoo ya safura hunyonya damu kila siku, hata vidonge uvimeze vizuri namna gani.