Jibu: Vekta ibebe fremu yake au la?
Habari ndugu. Umesema klasi yako ya Vekta (aina ya data uliyoiunda kwenye programu) ina x, y, z pekee, na kila ukihamisha mwelekeo kutoka fremu ya roboti (yaani kitovu na mihimili ambamo namba zinapimwa) kwenda ya dunia, namba zinatoka za ajabu.

Angalia kwanza kama nukta (mahali) na mwelekeo (upande tu, bila mahali) umeviweka klasi moja. Mimi kosa hilo lilinila wiki nzima. Nukta huzungushwa kisha husogezwa. Mwelekeo huzungushwa tu. Jaribu kwa mkono: fremu B imezungushwa digrii 90 kinyume cha saa kwenye mhimili z wa A, kitovu chake kiko (2,0,0). Nukta (1,0,0) ya B inakuwa (2,1,0) katika A, ila mwelekeo (1,0,0) unakuwa (0,1,0). Ukipata (2,1,0) kote kuwili, kosa ndilo hilo.

Na ndiyo, kila thamani ijue fremu yake. Ukijumlisha za fremu mbili tofauti, programu ikatae papo hapo, isigeuze kimyakimya. Hapa mimi silegezi kabisa. Fremu itunze mzazi (fremu ambamo yenyewe inapimwa), mzunguko na kitovu. Kartesi (x, y, z) au tufe (umbali na pembe mbili) ni namna ya kuandika namba tu, usiichanganye na fremu.