Re: Mbona nakumbuka maana ila maneno yenyewe yamepotea?

Mkuu, umeuliza mbona mtu akiongea dakika tano unaweza kusimulia alichosema ila ukiambiwa urudie neno kwa neno unakwama. Wala huna tatizo, ubongo ndo ulivyo. Sauti ikiingia inakaa sekunde chache tu usipoirudia kichwani (ndo maana namba ya simu unaitamka tamka mpaka uiandike), ubongo ukishachomoa maana, maneno unayaachia yaende. Mtafiti Jacqueline Sachs, 1967, aliwasikilizisha watu hadithi kisha akawarudishia sentensi moja, ama kama ilivyo ama imebadilishwa, sasa zikishapita silabi 80 tu, chini ya nusu dakika, muundo ukibadilika wengi hawagundui, yaani mfano wangu, "mwalimu alimpa mtoto kitabu" na "mtoto alipewa kitabu na mwalimu" kwao kitu kilekile, ila ukigeuza ukasema mtoto ndo kampa mwalimu wanakudaka hapohapo. Matusi na utani ni kesi nyingine, hayo huwa yanaganda na maneno yake kabisa, we mwenyewe unayo kichwani uliyotukanwa zamani 😂