Stroberi chini ya ukoko wa karanga na machicha

Swali la wiki lilikuwa hili: mtu aliyepunguza wanga anaweza kuoka kitindamlo cha matunda nyumbani, bila ngano wala sukari, na kikalika? Kinalika, tena vizuri. Kinachowashinda wengi si utamu, ni maji. Katika pai ya kawaida unga wa ngano ndio unaokunywa maji ya tunda. Ukiutoa bila kumpa mwingine kazi hiyo, utapakua supu ya stroberi yenye chenga zinazoelea juu.

Tuanze na tunda lenyewe. Gramu 100 za stroberi zina wanga wa gramu 6 hivi ukishatoa nyuzinyuzi. Mapera yana kama 9, nanasi 12, embe 13, na ndizi mbivu hufika 20. Ndiyo maana nachagua stroberi, na kwa aliye Tanzania, za Lushoto zinafaa sana zikiwa ngumu kidogo na nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Mtego mkubwa ni tende na asali. Watu huzitia kwa kuwa "ni za asili", ilhali asali ina gramu 80 na ushei za wanga katika kila gramu 100. Damu haiulizi kama sukari imetoka kwa nyuki au kiwandani.

Kwa watu 6 pima hivi: stroberi gramu 500 zilizotolewa vikonyo, mbegu za chia kijiko 1 cha chakula, maji ya limau kijiko 1, karanga zilizokaangwa bila chumvi na kumenywa gramu 100, machicha makavu ya nazi gramu 60, siagi baridi gramu 60, ute wa yai 1, mdalasini nusu kijiko cha chai, iliki punje 4 zilizotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na erithrito gramu 60, ambayo ni sukari mbadala isiyopandisha sukari ya damu. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, maana kikombe cha karanga hubadilika kila zinavyotwangwa.

Machicha ni yale yanayobaki baada ya kukamua tui. Mafuta yake mengi yameshatoka, kwa hiyo yana kiu, na kiu hiyo ndiyo tunayoitaka. Yatandaze kwenye sinia, tanuri nyuzi 90, saa moja na nusu hadi mbili, ukigeuza kila nusu saa, mpaka ukiyamimina yatoe mlio wa mchanga mkavu. Yakibaki na unyevu ukoko hautakauka, na ukiyahifadhi yatavunda. Karanga nazo zichambue kabla ya kuzikaanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Kisha zitwange pamoja na machicha, kwa mapigo mafupi. Ukizitwanga peke yake kwa muda mrefu zinatoa mafuta na kugeuka siagi ya karanga, na huo si ukoko tena.

Saga erithrito iwe laini kama unga. Ikiachwa chengachenga haiyeyuki vyema, na kitindamlo kikipoa utasikia kama unatafuna mchanga. Gramu 40 changanya na karanga, machicha, viungo na chumvi. Sugua siagi ndani kwa ncha za vidole, kisha tia ute wa yai kidogokidogo. Pengine hautahitajika wote. Mchanganyiko ukifumbwa kiganjani ushikane, ukiguswa uvunjike. Uweke kwenye friji wakati unashughulikia tunda.

Stroberi zikate vipande viwiliviwili. Usizitie kitu chochote kitamu sasa, maana hicho huvuta maji kabla ya wakati. Zipange kwenye bakuli la kioo au la enameli (sufuria tupu ya alumini na tunda chachu huleta ladha ya chuma) na uoke nyuzi 170 kwa dakika 15. Zikitoka utaona zimelegea na kuelea kwenye maji mekundu. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Inamisha bakuli, mimina maji hayo kwenye kisufuria, yachemshe bila kifuniko mpaka yapungue nusu na mwiko ukivutwa chini uache njia ambayo haijifungi mara moja. Epua, tia limau, chia na zile gramu 20 za erithrito zilizobaki. Ngoja dakika 10. Yatakuwa mazito kama jemu changa. Yarudishe juu ya stroberi.

Tawanya ukoko juu bila kuushindilia, maana mvuke lazima upate pa kutokea. Punguza moto hadi nyuzi 160, uoke dakika 20. Usitegemee rangi ya dhahabu ya sukari: erithrito haiungui na kuwa karameli, kwa hiyo rangi itatoka kwa karanga na siagi tu, na karanga huanza kuwa chungu mara zinapopita kahawia ya wastani. Ukitoa tanurini utaukuta ukoko laini na utadhani umeharibika. Uache nusu saa, unakauka ukipoa.

Asiye na tanuri apalie makaa. Tandaza mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, weka bakuli la enameli juu yake (la kioo litapasuka), funika kwa kifuniko bapa chenye makaa mengi, na chini yabaki vipande vichache. Moto wa chini ukizidi, stroberi zinachemka na kulowesha ukoko.

Kwa hesabu, sahani nzima ina wanga wa gramu 44 hivi ukitoa nyuzinyuzi na erithrito, yaani 7 au 8 kwa kila mtu. Ukioka hiyohiyo kwa ngano gramu 150 na sukari gramu 150 badala ya karanga, machicha na erithrito, kila mtu anapata karibu 48. Anayetumia insulini asichukue tofauti hiyo kijuujuu. Azungumze na kliniki yake kuhusu dozi kabla ya kupunguza wanga.

Mapera yanafaa pia: gramu 400, mbegu zimetolewa, na chia uiache kwa sababu pera lina pektini yake, inayogandisha maji ya tunda. Stevia, kitamu cha majani kisicho na sukari, inaweza kushika nafasi ya erithrito kwenye yale maji ya stroberi, tone kwa tone huku ukionja, kwani ikizidi inaacha uchungu ulimini. Kwenye ukoko haifai, haina ujazo.

Kikibaki, kikae kwenye friji siku 3. Usikifunike kingali cha moto. Kabla ya kula, kirudishe tanurini bila kifuniko, nyuzi 160, dakika 10, na ukoko utakauka tena.