Maswali ya Wasomaji: Tumechanga fedha za saruji ili kuokoa nyumba kongwe ya Mikindani, mzee ametuzuia

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkazi wa Mikindani, mkoani Mtwara. Tumekusanyika vijana kumi na wawili, wengine tumemaliza kidato cha sita na wawili kati yetu ni waashi, tukakubaliana kujitolea kila Jumamosi ili nyumba za kale za mji wetu zisiendelee kubomoka. Tumeanza kuchangishana fedha za kununua saruji, tukarabati nyumba moja ya ghorofa ambayo ukuta wake wa mbele umepasuka na mtini umeota juu yake. Mzee mmoja jirani ametukataza, akasema saruji itaiua nyumba hiyo, na kwamba nyumba yenyewe ina warithi wengi. Je, tumekosea? Tuanzie wapi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Nia yenu haina kosa. Mzee huyo naye amesema kweli mara mbili, kwa hiyo rudini kwake mkamwamkie, mkae barazani mumsikilize hadi amalize, na fedha mlizochanga zisiende dukani kwanza.

Tuanze na saruji. Nyumba za namna hiyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Ukuta huo hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, na jua linapowaka huyatoa tena kupitia lipu hiyo laini, na kwa kupumua hivyo umedumu miaka mingi karibu na bahari. Mkiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, nao hubaki ndani pamoja na chumvi, na chumvi hiyo inapokauka hugeuka chembe ngumu zinazolisukuma jiwe kutoka nyuma ya lipu. Ndiyo maana nyumba iliyopigwa lipu ya saruji hupendeza mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ukiigonga kwa kidole unasikia mlio wa utupu, halafu lipu inadondoka mapande mapande ikiwa imebeba ngozi ya jiwe. Nimewahi kuona ukuta uliokuwa na ufa mmoja ukawa na kovu la ukubwa wa mkeka kwa sababu ya msaada wa namna hii, na waliousaidia walikuwa watu wema kama ninyi.

Chokaa ina subira yake, na hapa waashi wenu wawili watalazimika kujifunza upya. Mawe huchomwa tanurini, yakishaiva huzimwa kwa maji, na wakati wa kuzima chokaa huchemka kwa nguvu kiasi cha kuunguza ngozi na macho, kwa hiyo asikaribie mtu asiye na miwani ya kazi na glavu. Baada ya hapo huachwa shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi huwa bora zaidi. Huchanganywa na mchanga usio na chumvi, hupakwa tabaka jembamba baada ya tabaka, na kila tabaka hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa lisikauke haraka, kwa maana chokaa hugeuka kuwa jiwe tena kwa kuvuta kaboni dayoksaidi iliyo hewani polepole, na jua la Mtwara halina adabu kwa kazi ya polepole. Ulizeni pia chokaa hiyo imetokana na mawe gani. Haifai kuokoa nyumba kwa kuvunja mwamba hai wa matumbawe ambao samaki wa pwani yetu huzalia, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, jambo hilo ni kosa moja kwa moja. Tahadhari hiyohiyo ihusu boriti za mikoko zinazobeba dari, kwa kuwa mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na mkipata boriti, msidhani vyumba vile vyembamba ni kasoro ya kurekebisha, kwani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ambao mara nyingi hauzidi mita 3.

Kuhusu mtini, msiung'oe. Mche mdogo unaweza kuondolewa kwa mkono, lakini ukishakomaa mizizi yake inaweza kuwa ndiyo inayoshikilia mawe, na mkiivuta mtateremka nayo pamoja na ukuta. Ukateni shina, zuieni usichipue tena, mwacheni fundi mwenye uzoefu aamue hatima ya mizizi.

Sasa warithi, na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya kazi yenu, ingawa haina jasho. Nyumba yenye warithi waliotawanyika Mtwara, Dar es Salaam na Unguja haikarabatiwi kwa idhini ya aliyepo tu. Tafuteni msimamizi wa mirathi, mpate idhini ya maandishi, kisha mpitie kwa mtendaji wa mtaa hadi Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na mshauriane na Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kugusa jiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mengine yanaweza kutangazwa kulindwa.

Wakati mnasubiri vibali, Jumamosi zenu zisipotee. Pigeni picha kila upande wa nyumba, pimeni vyumba kwa futi kamba, choreni milango, zidaka (vishubaka vya ukutani) na ngazi, na andikeni wazee wanavyosema kuhusu nani alijenga, nani alikuwa mpangaji wa ghorofa ya chini na nini kiliuzwa barazani. Kumbukumbu hizo zitamfaa fundi wa kesho hata nyumba ikianguka kesho kutwa. Kisha, kwa ruhusa ya wenyewe, shughulikieni lile linaloharibu zaidi kuliko yote likiachwa, yaani maji. Zibeni paa kwa makuti au turubai na safisheni mifereji kabla mvua za Desemba hazijafika. Mkifanya hilo tu msimu huu, mmefanya zaidi ya mifuko hamsini ya saruji.

Mnao mfano hapo hapo nyumbani. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilikuwa limechakaa kabla ya kukarabatiwa katika miaka ya 1990 na shirika la hisani la Trade Aid la Uingereza, likawa hoteli, na likatunzwa kwa sababu lilipata matumizi. Wageni huja wakiuliza habari za David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mwingereza, aliyeondokea Mikindani mwaka 1866 kwenda safari yake ya mwisho, na si vibaya, ingawa mimi ningependa waulize pia ni mikono ya nani iliyopanga yale matumbawe. Mkipata nauli, nendeni Kilwa mkawaone mafundi wenyeji wanaoshika chokaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kama hiyo.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Bibi yetu ametuachia nyumba Kilwa Kivinje yenye mlango wa nakshi. Mfanyabiashara anataka kuununua, naye ameahidi kutuwekea mlango mpya wa chuma. Tufanyeje? (Mjukuu, Lindi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiuze. Sheria niliyoitaja hapo juu inailinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na kuiuza au kuisafirisha nje bila kibali ni kosa, liwe la muuzaji au la mnunuzi. Huyo mfanyabiashara akirudi, mwombeni awaonyeshe kibali chake kwanza. Mlango ukiwa umelegea, mwiteni seremala aufunge imara kwenye miimo yake ileile, na mpake mafuta mbao zilizokauka, msizipake rangi.