Kuhusu mamlaka ya CHARIS

Ndugu, umeuliza iwapo CHARIS, huduma ya kimataifa ya Karismatiki Katoliki (Wakatoliki wanaosali wakitegemea karama za Roho Mtakatifu) iliyoanza kazi rasmi Pentekoste ya tarehe 9 Juni 2019, ndiyo inayozitawala sasa jumuiya zote za Karismatiki Katoliki. Sivyo, ni chombo cha utumishi na ushirika kisicho na mamlaka juu ya jumuiya yoyote, na kila jumuiya hubaki chini ya viongozi wa Kanisa wanaoitambua. Papa Fransisko aliikabidhi mambo matatu: kueneza ubatizo katika Roho Mtakatifu (yaani kujazwa upya na Roho, si sakramenti nyingine), kujenga umoja wa Wakristo na kuwahudumia maskini. Hilo la tatu linaniuma, kwa sababu tunasifu kwa mikono iliyoinuliwa hadi machozi yanatutoka, ilhali mama mgonjwa aliyezoea kuketi kiti cha nyuma hajatembelewa na yeyote kati yetu.