Du Cros alifanya nini, ikiwa tairi ni la Dunlop?

SWALI: Mhariri, jina tunalolijua kwenye tairi ni Dunlop. Lakini nimesoma kwamba aliyeiendesha kampuni hiyo ni Harvey du Cros, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Huyu hakuvumbua chochote. Sifa yake ni ipi?

JIBU: Aliiokoa biashara ambayo kisheria ilikuwa imekwisha kufa. Du Cros alizaliwa Dublin mwaka 1846, akawa mfanyabiashara na kiongozi wa waendesha baiskeli wa Ireland. Mei 1889, mjini Belfast, Willie Hume alishinda mashindano kwa tairi za upepo za John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, na wana wa du Cros walikuwa miongoni mwa walioachwa nyuma. Baba mtu hakungoja kuambiwa mara ya pili: kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imeundwa Dublin, naye ndiye mwenyekiti.

Mwaka 1890 ikabainika kuwa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya Dunlop ya 1888 haina nguvu, kwani Mskoti Robert William Thomson alikuwa amelisajili wazo hilohilo mwaka 1845. Sasa yeyote angeweza kutengeneza tairi la upepo. Kilichobaki ni namna ya kulishikiza. Tairi la Dunlop liligandishwa kwenye rimu kwa gundi ya mpira. Kuziba pancha kulimaanisha kulibandua, kulibandika upya na kungoja likauke.

Kampuni ikanunua hataza mbili. Ya Charles Kingston Welch iliweka waya usiovutika ndani ya kila ukingo wa tairi, na rimu yenye bonde katikati. Duara la waya ni dogo kuliko mdomo wa rimu, kwa hiyo ukingo huzamishwa bondeni upande mmoja ndipo upande wa pili upate nafasi ya kuvuka. Hata leo tairi la baiskeli likigoma kuingia, kagua kwanza upande ulio mkabala: mara nyingi ukingo haujashuka bondeni. Anayelazimisha kwa chuma huibana tyubu na kuitoboa.

Hataza ya William Bartlett ilitumia kingo zenye kulabu, zikinaswa chini ya midomo ya rimu kwa nguvu ya upepo. Upepo ukipungua mno, tairi huweza kuchomoka. Njia ya Welch ndiyo iliyodumu.

Mwaka 1896 Ernest Terah Hooley, mfanyabiashara wa kununua na kuuza kampuni, aliinunua kampuni kwa pauni milioni 3 na kuiuza tena kwa umma kwa milioni 5. Dunlop alikuwa amejiuzulu mwaka uliotangulia.

SWALI: Na huo ubunge?

JIBU: Mfupi. Alichaguliwa jimbo la Hastings, Uingereza, mwaka 1906 kwa tiketi ya chama cha Conservative, tena katika uchaguzi ambao chama chake kiligaragazwa nchi nzima. Alijiuzulu 1908, na kiti kikaenda kwa mwanawe Arthur, aliyekishika hadi 1918, kisha akawakilisha Clapham, London, hadi 1922.